Nafasi za Masomo ya Juu ya Utawala: Vijana Wetu Wanakwama Wapi?

Hotuba iliyosomwa na mmoja wetu mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika mkutano wa mwaka uliofanyika hapa shuleni, Bukoba.



Katibu aliponiandikia alinitaka niseme juu ya nafasi za masomo kwa vijana waliokwisha pata shahada ya kwanza na wanaotaka kuendelea na shahada ya pili katika utawala wa umma. Alinipa dakika 20. Nimefanya kazi ya utawala miaka 35, na watu wa kazi hiyo hatusifiki kwa kutunza dakika za wenzetu, lakini nitajitahidi kabla chakula hakijapoa.

Nianze na mzee mmoja wa Kamachumu. Tulikutana msibani, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo, akaniuliza nimesomea nini. Nikamjibu kwa kujidai kidogo: "Utawala." Akanitazama, akasema, "Kumbe siku hizi kutawala watu kunasomewa?" Watu wote pale wakacheka, nami nikacheka nao, lakini swali lake lilinikaa moyoni, kwa sababu hata leo nakutana na wazazi wanaouliza vivyo hivyo. Mtoto akisema anataka udaktari au uhandisi, baba anauza ng'ombe. Akisema anataka utawala, baba anadhani kijana amekosa la kusomea.

Wazazi hao huwajibu kwa jambo moja tu, nalo nyote mnalijua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka hapa kwetu na kupitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza. Hakuna aliyeketi hapa ambaye hakupoteza ndugu, rafiki, au jirani. Mara tu baada ya msiba, watu walitaka kujua ni nani hasa walikuwa ndani ya meli ile. Orodha kamili ya abiria haikuwepo. Mpaka leo hakuna mtu awezaye kutaja hesabu ya waliokufa bila mwingine kumpinga. Orodha ya abiria ni karatasi, kalamu na mtu mmoja mwenye amri ya kusema, "Meli imejaa, wewe utapanda ya kesho, na wewe pia." Kazi hiyo ndiyo utawala wa umma. Tulipopatwa na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, likabomoa nyumba za watu na kuharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato, mambo yakawa yale yale: nani anaandika nyumba zilizoanguka, nani anahakikisha kwamba hazikuandikwa mara mbili, na nani anamfikia mjane wa bondeni asiye na mtu wa kumsemea. Vijana wanaosomea kazi hii wanahitajika kama wanavyohitajika madaktari, wala sioni haya kusema hivyo mbele ya madaktari waliomo humu.

Sasa niseme kidogo habari ya zamani, kwa faida ya vijana. Shule ya Serikali za Mitaa ilifunguliwa Mzumbe, karibu na Morogoro, mwaka 1953, ili kuwafundisha machifu, makarani na madiwani wa wakati wa mkoloni. Mwaka 1972 iliunganishwa na Chuo cha Utawala kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho sisi wa rika langu tulikiita IDM. Mwaka ule ule serikali ilipeleka madaraka mikoani na kuzivunja halmashauri, na ghafla kila mkoa na kila wilaya ikahitaji watu wa mipango, watu wa fedha, watu wa utumishi. Sisi tuliingia Mzumbe kwa wimbi hilo. Nauli tulilipiwa, chakula tulilipiwa, hata posho kidogo tulipewa. Kutoka hapa tulipanda meli mpaka Mwanza, kisha gari moshi mpaka Morogoro, kila mtu na sanduku lake la bati na mfuko wa kahawa ya kutafuna. Mkoa wenyewe ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja 1979, baada ya vita. Mzumbe nayo imekuwa chuo kikuu tangu 2001.

Hata kabla ya hapo mkoa huu ulikuwa umeonja faida ya mtu kupelekwa kusoma kazi ya kuongoza. Sir George Kahama wa Karagwe alikwenda Loughborough, Uingereza, mwaka 1952 hadi 1954 kusomea ushirika, akarudi kuendesha Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba, na baadaye akawa waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru. Na yule mzee wangu wa Kamachumu angefurahi kujua kwamba Profesa Gelase Mutahaba, aliyefundisha somo hili la utawala wa umma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1969 kitabu kuhusu maisha ya Ali Migeyo, mpigania uhuru wa huko huko Kamachumu, mtu ambaye utawala wa mkoloni ulimtia gerezani. Miaka 20 baadaye, 1989, profesa huyo huyo akatoa kitabu juu ya kurekebisha utawala wa umma katika nchi za Afrika ya Mashariki. Mimi huona kwamba vitabu hivyo viwili ni swali moja: mtu aliyeko chini anatendewaje na ofisi. Lakini hayo ni maoni yangu, wasomi watanisahihisha.

Tuje kwenye nafasi zenyewe za leo. Sitazisoma zote, maana hubadilika kila mwaka na mwenye simu anaweza kuzitafuta. Nitataja zile ninazojua kwamba zinamfaa mtu wa utawala.

Hapa nchini shahada ya pili ya utawala wa umma inasomwa Mzumbe na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa mtumishi asiyeweza kuacha kazi kuna Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo hapa hapa mkoani. Shida ya nyumbani ni ada. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, imeelekeza nguvu zake zaidi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kwa hiyo mwenye kutaka ya pili hulipiwa na mwajiri ikiwa jina lake limo katika mpango wa mafunzo, au hujilipia. Ndugu watumishi, ulizeni kama majina yenu yamo. Nimekuta watu waliokaa miaka 8 wakilalamika kuwa hawapelekwi kusoma, na hawajawahi kujaza fomu.

Ng'ambo, mlango wa zamani ni ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliokubaliwa katika mkutano wa Oxford mwaka 1959. Uingereza hulipa ada, nauli na posho, na wana pia nafasi za kusoma kwa masafa, mtu akiwa kwenye kiti chake cha kazi Muleba. Nafasi hizo za masafa watu wetu hawazijui, na mimi naziona ndizo bora kwa mwenye watoto wadogo. Waingereza hao hao wana Chevening, iliyoanza 1983. Ni ya mwaka mmoja, inataka uwe umefanya kazi si chini ya miaka miwili baada ya digrii, na inakutaka urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Wajerumani wana mpango wenye jina la Helmut Schmidt, mahususi kwa sera za umma na utawala bora, katika vyuo kama vile vya Erfurt na Passau, na kabla ya kuanza masomo wanakufundisha Kijerumani. Ubelgiji kuna Antwerp, wenye shahada ya utawala na maendeleo. Wachina wana nafasi nyingi kwa watumishi wa serikali za nchi zinazoendelea. Chuo Kikuu cha Peking kilianzisha mwaka 2016 taasisi nzima kwa ajili hiyo. Wadachi walikuwa wakarimu sana kwetu, wengi wa umri wangu walipita The Hague, lakini mpango wao wa Orange Knowledge ulioanza 2017 umekwishafungwa, kwa hiyo akija mtu kukuambia umpe fedha akutafutie nafasi hiyo, mfukuze. Na hii ishikeni ninyi wanafunzi: hakuna mfadhili wa kweli anayeomba umtumie fedha kwa simu.

Kwa hiyo nafasi zipo. Mwaka jana katika mkutano kama huu ilitolewa rai kwamba chama chetu kianzishe skolashipu yake, yenye jina la shule, ya kumpeleka kijana mmoja kusoma ng'ambo. Ni rai ya watu wenye moyo mzuri. Mimi naipinga. Michango yetu yote tuliyokusanya kwa mwaka haimfikishi kijana mmoja hata nusu ya muhula huko Uingereza, na mfadhili mwenye fedha kutushinda amekwisha simama mlangoni anangoja. Vijana wetu hawakwami kwenye ada ya chuo. Wanakwama kabla ya hapo, mahali ambapo mfadhili haonekani.

Wanakwama kwanza kwenye majina. Mnacheka, lakini sikilizeni. Sisi Wahaya herufi R na L tunazichanganya kama maharage na mahindi. Baba amemwandikisha mtoto Rwegasira, padre ameandika Lwegasira, mwalimu wa darasa la kwanza amesikia anavyojua yeye, na cheti cha kidato cha nne kikatoka na jina la tatu ambalo hakuna mtu wa ukoo anayelitambua. Nyumbani haina taabu, kila mtu anajua mwana ni wa nani. Lakini karatasi hizo zikifika mezani kwa mgeni, anaona watu watatu. Kijana anaanza kutafuta wakili, hati ya kiapo, barua ya shule, na siku ya mwisho ya kupokea maombi inapita. Wadogo zangu wa kidato cha nne na cha sita, jioni hii toeni vyeti vyenu, visomeni herufi kwa herufi. Mwenye kosa alisahihishe sasa, kabla hajafanya mtihani wa mwisho.

Wanakwama pili kwenye fedha ndogo. Pasipoti ni shilingi 150,000. Mtihani wa Kiingereza, kwa vyuo vinavyoudai, hupita dola 200, na haufanyiki Bukoba. Kuna nauli na mahali pa kulala. Kuna nakala za matokeo kutoka chuoni, kuna muhuri, kuna kusafirisha bahasha. Afisa mtendaji wa kata katika visiwa vya Muleba, tuseme Goziba au Ikuza, akitaka kwenda kufanya mtihani huo anaanza kwa mtumbwi. Mshahara wake mnaujua, na nyuma yake wapo wadogo wanaodai karo. Mfadhili atamlipia ndege akishachaguliwa. Hatamlipia mtumbwi.

Wanakwama tatu kwenye barua. Hapa, Ndugu Mwenyekiti, nitachukua dakika zaidi ya nilizopewa.

Mtumishi wa umma haondoki kwenda masomoni bila ruhusa ya mwajiri. Akiondoka bila hiyo, anahesabiwa mtoro. Tena wafadhili wengi hutaka barua ya mwajiri inayosema kwamba mtu huyu ni wetu, tumemruhusu, na akirudi kazi ipo. Mwaka 1998 nilikuwa mkuu wa utawala katika wilaya moja nje ya mkoa huu. Sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu wala si la wilaya. Chini yangu alikuwako kijana mmoja wa Muleba, aliyesoma hapa hapa miaka mingi baada yangu. Akapata nafasi ya shahada ya pili ng'ambo, ada yote, nauli yote. Ilibaki barua yangu, nayo ilitakiwa ifike kabla ya mwisho wa mwezi. Aliichapa mwenyewe kwa taipureta ili kunipunguzia kazi, akaniletea niweke sahihi tu.

Barua ile ilikaa mezani kwangu siku 19.

Nilijiambia kwamba ofisi haina mtu wa kumshikia nafasi. Ni kweli haikuwa naye. Nilijiambia kwamba lazima niulize mkoani, na kweli ingefaa kuuliza, lakini sikuuliza. Leo ni mzee, sina cheo cha kulinda, nami nawaambia ninyi ambao ni ndugu zangu: mwaka 1986 niliomba nafasi kama ile nikaikosa, na sikupenda mtoto mdogo, tena wa shule yangu, aipate akiwa na miaka 28. Sikumnyima. Mtu wa ofisi halazimiki kumnyima mtu kitu. Anaweka karatasi chini ya nyingine, anaagiza chai. Nilipoitia sahihi tarehe ilikuwa imepita. Kijana akasema, "Ahsante, mzee," akarudi mezani kwake.

Hakuniuliza neno. Akafanya kazi nami miaka mingine minne. Baadaye alikwenda Mzumbe kwa fedha zake mwenyewe, aliuza ng'ombe wawili na kahawa ya misimu miwili kutoka kwenye kibanja cha baba yake, akapata shahada yake miaka saba baada ya ile barua. Mimi nilikuwa nimekwisha hamishwa.

Mwaka juzi tulikutana Muleba mjini, stendi ya mabasi. Akanishika mkono, akaniamkia shikamoo kwa adabu ile ile. Tukaketi, tukanywa soda, tukaulizana habari za watoto. Nikaona nisipolisema siku ile nitakufa nalo. Nikaanza, "Mwanangu, ile barua ya 1998..." Akanikatiza taratibu: "Mzee, nilijua iko wapi. Nilikuwa naiona kila nikikuletea mafaili. Ilikuwa chini ya kile kitabu chekundu." Kisha akaniuliza kama nimekwisha pata basi.

Kuna watu humu wanaolalamika kwamba vijana tunaowasaidia wakifika Ulaya hawarudi. Wengine hawarudi, ni kweli, na serikali ina mikataba yake ya kuwabana. Mimi sina ugomvi mkubwa na aliyebaki huko. Wengi wao ndio wanaolipa karo za wadogo zao hapa. Ugomvi wangu ni na sisi tuliorudi, au tusiokwenda kabisa, tukapewa viti, tukakaa juu ya barua za wenzetu.

Kwa hiyo, badala ya skolashipu kubwa, naomba mkutano huu ufikirie mfuko mdogo. Ulipe pasipoti, mtihani, nakala za vyeti na nauli ya mtu anayeomba shahada ya pili ya utawala wa umma, nyumbani au ng'ambo, awe amesoma hapa au awe dada yetu wa shule ya jirani. Uwe mkopo usio na riba, arudishe akishakaa kazini mwaka mmoja baada ya masomo, ili fedha imfikie mwingine. Akiomba akakosa, tumsamehe nusu, maana hata kuomba ni kazi. Wasomaji watatu wayapitie maombi kabla hayajatumwa, maana nimeona vijana wenye akili wakiandika kurasa tatu za kumsifu mfadhili bila kusema hata mara moja wanafanya kazi gani. Nanyi mlio maofisini, wakurugenzi, maafisa utumishi, wakuu wa idara, tuwekeane ahadi ya siku saba: barua ya kijana wa masomo ijibiwe ndani ya siku hizo, iwe ndiyo au hapana. Akiambiwa hapana mapema, bado ana muda wa kukata rufani.

Mweka Hazina ana daftari pale karibu na mlango. Nimetangulia kuandika jina langu na shilingi 300,000, ambazo ni pasipoti mbili. Yule kijana, ambaye sasa naye ana mvi, amekubali kuwa mmoja wa wale wasomaji watatu. Alipoulizwa kama niwe wa pili alisema hana kinyongo. Lakini nimeona ni vema mimi nisiwe mahali ambapo karatasi za watu zinapita.

Nasikia senene wamekwisha kaangwa.